Karatasi ya ukutani iliyochorwa kwa mkono: kisa cha baa moja ya kijijini Kent

Mwenye baa alikuja na picha tayari mkononi. Ilikuwa mandhari ya shamba la hopsi, mmea unaopanda kwenye kamba na ambao maua yake huipa bia uchungu, imechapwa kwa mashine, na alitaka kitu cha namna hiyo kichorwe kwa mkono, kijaze ukuta mrefu kutoka kona hadi kona, kisifanane na cha baa nyingine yoyote. Kazi tuliipokea, ila sababu yake hatukuikubali. Upekee ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ya kuchora kwa mkono, maana mashine za siku hizi zinakuchapia nakala moja tu ukitaka. Ndani ya baa, brashi inalipa kwa mambo mawili yasiyo na urembo wowote: karatasi iliyochorwa kwa mkono hufuata ukuta ulivyopinda, na ikiumia inatengenezeka. Karibu kila uamuzi tulioufanya baadaye ulitoka kwenye moja ya hayo mawili.

Tulikuwa watatu: mchoraji, fundi wa kubandika, na mimi niliyesimamia usanifu. Baa yenyewe iko kijijini, Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, katika nyumba ya matofali ya karne ya 18. Nyumba hiyo imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, daraja la II, na kwa sheria ya mwaka 1990 kubadilisha sura ya jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo kabla ya kununua hata chupa moja ya rangi tulikaa na ofisa wa uhifadhi wa halmashauri. Hakujali sana tutachora nini. Alitaka kujua kitu kimoja: siku atakayekuja baadaye akitaka kuiondoa karatasi hii, ataiondoaje bila kuondoka na lipu? Lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa, na lilitusaidia hata pale mwenye baa alipotaka gundi kali "isibanduke milele".

Chumba kiliwahi kuwa vyumba viwili. Ukuta uliokuwa kati ulibomolewa zamani, na sakafu za pande mbili hazikuwahi kukutana sawasawa. Fundi alishusha uzi wa timazi kwenye kila kona, akapima urefu kutoka sakafuni hadi darini kila penye ukingo wa kipande cha karatasi. Kati ya mwisho mmoja wa ukuta na mwingine, dari ilikuwa imeshuka sentimita 11. Kona ya kaskazini mashariki ililala nje. Hapo ndipo mandhari ya shamba ilipokufa. Mandhari ina upeo wa macho, na upeo wa macho ukutani ni pima maji: ukiuchora ulio sawa, dari inaonekana imeanguka, ukiufuatisha dari, wateja watadhani ni bia imewazidi. Picha iliyochapwa isingekuwa na njia ya kutoka, labda kukata juu au chini kipande kwa kipande hadi miti iishiwe vichwa.

Tukapendekeza mmea peke yake, bila ardhi na bila anga. Hopsi hupanda. Huanza chini na kuishia popote penye kamba, kwa hiyo dari ikishuka, mmea unafupishwa na hakuna atakayeuliza. Kamba zenyewe zilitusaidia pia, kwa sababu mashambani huwa hazisimami wima kabisa. Hufungwa zikiwa zimelala kidogo, zikipanuka kuelekea juu. Tungechora kamba zilizosimama wima karibu na kona iliyolala, kona ingepiga kelele. Mwenye baa alisikitikia yale majengo ya kukaushia hopsi, yenye paa za koni na vifuniko vyeupe vinavyogeuka na upepo, maana ndiyo alama ya Kent kwa kila mtu. Tulikubaliana yabaki kwenye ubao wa jina nje, ambako tayari yalikuwapo.

Hopsi hapo kijijini si pambo tu. Kwa vizazi kadhaa familia za London Mashariki zilikuja Kent kila Septemba kuchuma, na kwa wengi ile ndiyo ilikuwa likizo yao ya mwaka, mpaka mashine zilipochukua kazi katika miaka ya 1950 na 1960. Wapo wateja waliochuma wakiwa watoto. Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo hatukuthubutu kulikosea.

Mchoraji alikuwa amechora mmea mmoja mkubwa kwenye karatasi ya kufuatishia, akautoboa tundu ndogo ndogo kando ya mistari, ili akigonga kifuko cha vumbi la makaa juu yake mchoro uhamie kwenye karatasi ya kazi. Ni mbinu ya zamani na bado haina mpinzani. Ili apate mmea wa pili usiofanana na wa kwanza, ujanja wa kawaida ni kuigeuza karatasi upande wa pili. Majani yanageuka, hakuna anayetambua. Ila hopsi ina mkono wake. Siku zote hujisokota kwa kufuata mwendo wa saa ukiitazama kutoka juu. Ukisimama mbele yake, shina linalopita upande wako linatoka chini kulia kwenda juu kushoto. Mimea mingi inayotambaa hufanya kinyume. Ukigeuza mchoro, umepata hopsi isiyopatikana popote duniani, na mzee aliyekua nayo hahitaji elimu ya mimea kuliona hilo. Anaona tu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Basi karatasi haikugeuzwa. Michoro mitano tofauti ilitobolewa kutoka mwanzo, na gharama ya siku hizo tukaiandika wazi kwenye makadirio, pamoja na sababu yake. Mwenye baa alilipa bila kubisha. Kwa maoni yangu ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote katika kazi hii.

Tuje kwenye kuta, kwa sababu si zote zilizopata karatasi.

Ukuta wa mchezo wa kurusha vishale tuliukataa moja kwa moja. Katikati ya ubao wa vishale hukaa mita 1.73 kutoka sakafuni, na mchezaji husimama mita 2.37 mbali nao. Wanaokosa ubao hukosa kwa upana usiotabirika. Mwenye baa alitaka karatasi izunguke hadi nyuma ya ubao "ili chumba kiwe kimoja". Tukamwekea mbao zilizopakwa rangi ileile iliyo nyuma ya mchoro wa karatasi. Chumba ni kimoja, na vishale vina pa kuchoma.

Ukuta wa ndani, wenye meko, ulikuwa mkavu. Lakini fundi alipofungua ubao mmoja kando ya meko alikuta mabaki ya karatasi ya kale, ya kijani, yenye viungo vya kulala kila baada ya urefu mfupi. Viungo hivyo vinaonyesha ni karatasi ya vipande vilivyounganishwa, kabla karatasi ndefu za mashine hazijazoeleka katika miaka ya 1830. Zama hizo serikali ilitoza kodi kwenye karatasi iliyochorwa, kuchapwa au kutiwa rangi: ilianza mwaka 1712 kwa peni moja kwa yadi ya mraba, na haikufutwa hadi 1836. Wajanja walibandika karatasi nyeupe kwanza, kisha wakaichora ikiwa ukutani. Kwa hiyo si ajabu kwamba kazi yetu iliwahi kufanyika Uingereza, tena kwa sababu ya kukwepa kodi.

Kilichotuhangaisha ni rangi yenyewe. Kijani cha wakati ule mara nyingi kilikuwa cha shaba na aseniki, kilichogunduliwa na mkemia Msweden, Carl Wilhelm Scheele, mwaka 1775, na vijani vya jamaa hiyo viliendelea kutumika kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Kukwangua kitu cha namna hiyo kikiwa kikavu ni kuvuta sumu puani. Kazi ilisimama upande huo, sampuli ikaenda maabara, na majibu yalipothibitisha tulichokihofia, ofisa wa uhifadhi aliamua mabaki yaachwe palepale, yafungiwe nyuma ya ubao, na maelezo yake yawekwe kwenye faili la jengo. Hakuna aliyebisha.

Ukuta mrefu, wa kaskazini, ndio uliotutoa jasho. Ni matofali matupu yasiyo na nafasi ya hewa katikati, juu yake lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo huishi kwa kupumua: mvua inaingia kidogo, inatoka kidogo. Wapangaji waliotangulia waliupaka rangi ya plastiki tabaka juu ya tabaka, na theluthi ya chini ilikuwa imevimba, chumvi imechanua chini ya rangi. Kubandika karatasi iliyopakwa vanishi juu ya hapo kungekuwa kuongeza tabaka jingine la plastiki kwenye ugonjwa uleule. Rangi ikaondolewa, lipu ikaachwa ikauke kwa majira mazima ya kiangazi, halafu zikapigwa papi nyembamba, na juu ya papi mbao za silikati ya kalsiamu ambazo haziungui. Pengo dogo liliachwa juu na chini hewa ipite. Karatasi ilibandikwa kwenye mbao hizo, si kwenye nyumba. Kwa ofisa wa uhifadhi, hilo lilimaliza mjadala: ukifungua skrubu, ukuta wa karne ya 18 uko nyuma, haujaguswa. Hata mafundi wa zamani walijua faida ya pengo. Nyumba nyingi za kitajiri za karne hiyo karatasi zao zilibandikwa kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu za mbao.

Mbao hizo zilitusaidia pia kwenye suala la moto. Kwa chumba cha ukubwa ule, mwongozo rasmi wa kanuni za ujenzi za England unataka uso wa ukuta ufikie daraja C-s3,d2 (herufi ni kasi ya kuwaka, s ni moshi, d ni matone ya moto), na njia za kupitia, kama korido ya kwenda chooni, B-s3,d2. Watu wengi husahau kwamba daraja hilo halipewi karatasi peke yake. Hupimwa mrundikano wote: ubao, gundi, karatasi ya kutandikia, karatasi ya juu, rangi na vanishi. Ukibadilisha vanishi baada ya kipimo, una kitu kipya kisichopimwa. Tulifunga orodha ya vifaa mapema kwa sababu hiyo, na korido tukaiacha rangi tupu.

Sasa rangi. Kabla ya 1 Julai 2007, siku uvutaji sigara ulipopigwa marufuku ndani ya baa za England, dari ya chumba hiki ilikuwa imepakwa na moshi wa miaka mingi. Mafundi walipoiosha, maji yalitoka ya rangi ya chai ya rangi. Mwenye baa aliipenda rangi ile, na hakuwa amekosea: kahawia ya njano iliyotulia, inayofanya uso wa mtu uonekane na afya usiku. Tukaifanya kuwa rangi ya chini ya karatasi, ikiwa nyepesi zaidi. Dari yenyewe ililazimika kupakwa kwanza praima ya kuzuia madoa, kwani nikotini hupenya rangi ya maji na kujitokeza upya hata baada ya tabaka kadhaa.

Juu ya kahawia hiyo, kijani cha hopsi kilikuwa na tabia mbili. Mchana mwanga uliingia kwa madirisha mafupi ya kusini, na sampuli ya upana wa mita moja tuliyoining'iniza ilionekana kama shamba. Taa za jioni zilipowashwa, zile za mwanga wa njano (2700K), majani yalizama kwenye rangi ya chini yakawa kahawia juu ya kahawia. Baa inaishi jioni. Mchoraji akakisogeza kijani kuelekea buluu kuliko alivyoona vema, kiasi kwamba kwenye karakana yake kilionekana baridi na kibaya. Akaniambia kama kingekuwa cha sebuleni kwake asingekitundika. Chini ya taa za baa kikawa kijani cha kawaida.

Maua ndiyo yalichukua muda mrefu zaidi. Ua la hopsi ni kichane cha magamba laini yaliyopandana, kubwa kiasi cha kidole gumba, na likikomaa hukaribia kuwa la karatasi lenyewe: ukilishika linachakacha. Ukilichora gamba kwa gamba linageuka nanasi. Mchoraji alianza na doa moja la kijivu cha kijani, akaliacha likauke kabisa, kisha akapitisha njano nyepesi mno kwa brashi bapa upande mmoja tu, ile njano ya oksaidi ya chuma inayoandikwa PY42 kwenye kila chupa. Magamba yalionyeshwa kwa mikato mitatu au minne ya brashi nyembamba upande wa kivuli, basi. Kwa umbali wa meza moja jicho linamalizia yaliyobaki. Misimbo ya rangi zote iliandikwa, pamoja na uwiano wa mchanganyiko, kwa sababu vijani viwili vinavyofanana mchana vinaweza kutengana chini ya taa kama havikutoka kwenye rangi za asili moja. Anayekuja kutengeneza bila misimbo hiyo atalingana na ukuta saa sita mchana na kuumbuka saa mbili usiku.

Mwili wa binadamu uliamua mpangilio uliobaki. Mbao za kawaida, zisizo na karatasi, zilipanda ukutani hadi juu kidogo ya migongo ya viti. Kutoka hapo hadi kimo cha kichwa cha mtu aliyekaa tuliweka majani mengi, meusi meusi, yenye kupishana, mahali ambapo mafuta ya nywele na viwiko vitakapofika. Maua na ndege wachache wakaenda juu, na sehemu tupu juu zaidi. Mwenye baa alitaka pia nyuso za wateja wake wa kudumu zifichwe kati ya majani. Tulimkatalia haraka: wateja hugombana, huhama, na mmoja atauliza kwa nini yeye hayumo.

Kubandika kulikuwa kazi safi kwa sababu upimaji ulikuwa safi. Karatasi ya kutandikia iliwekwa kwa kulala ili viungo vyake visikutane na vya juu. Vipande vyote vilikuwa na namba, kila kimoja na ziada ya sentimita kadhaa ya rangi ya chini tu juu na chini, na gundi ilikuwa ya wanga, inayoachia kwa maji. Mashina yanayovuka kiungo yaliachwa na pengo dogo, mchoraji akayamalizia ukutani. Kisha vanishi isiyong'aa, tabaka moja kote na la pili kwenye eneo la vichwa.

Vanishi hiyo wachoraji wengi huichukia, na wa kwetu pia. Lakini ndiyo inayofungua mlango wa matengenezo: rangi ya marekebisho hukaa juu yake na inaweza kufutwa bila kugusa mchoro wa chini. Kwa madhara makubwa zaidi tuliazima mbinu ya Wachina. Karatasi walizowauzia matajiri wa Ulaya katika karne ya 18 zilikuja wakati mwingine na ndege na maua ya ziada, ya kukatwa na kubandikwa juu ya viungo au mahali palipochanika. Katika jumba la Temple Newsam, Leeds, Lady Hertford aliona karatasi yake ya Kichina ina nafasi tupu. Karibu na mwaka 1827 akakata picha za ndege kutoka kwenye kitabu cha Audubon, mchoraji wa ndege, na kuzibandika humo. Kitabu hicho leo ni miongoni mwa ghali kuliko vyote duniani, na ndege wake bado wako ukutani.

Kwa hiyo pamoja na vipande vya ukuta mchoraji alichora karatasi za akiba: majani ya ukubwa mbalimbali, maua, na ndege wawili, kwa rangi zilezile na siku zilezile. Ubishi ulikuja kuhusu nani azitunze. Yeye alitaka zikae karakanani kwake, aitwe kila panapoharibika. Mwenye baa alisema mahali penye bia hapangoji fundi. Nilikuwa upande wa mwenye baa. Mchoro unaotegemea mtu mmoja kwa kila kovu utafunikwa na fremu ya tangazo siku atakapokuwa safarini, na fremu huleta msumari, na msumari huleta fremu nyingine.

Muda si mrefu baada ya kufungua, mfanyakazi mmoja alibandika tangazo la chemsha bongo kwa pini nne kwenye rangi tupu karibu na kaunta. Matundu yalifunikwa kwa majani mawili ya akiba siku iliyofuata, na aliyeyabandika ni mwenye baa mwenyewe. Mchoraji alipokuja alilibandua moja kwa maji, akaliinamisha kidogo, akalirudisha. Bahasha ya karatasi za akiba imebaki kwenye droo ya ofisi ya baa, na mkataba unasema mchoraji atapita mara moja kwa mwaka kukagua yaliyobandikwa na kujaza pengo la akiba.